Porini kwa Miguu, tena kwa Hela Yangu

Mtu akikusifia mahali kwamba hapajaguswa na maendeleo, muulize kwanza choo kiko wapi. Mimi nilimuuliza shemeji yangu. Akanijibu, macho yakimng'aa, kwamba kule choo ni popote utakapopenda.

Huyu shemeji ni mume wa dada yangu, mtu wa ofisi yenye kiyoyozi, ambaye daktari alimtisha kwa habari za presha na tangu siku hiyo hajatulia. Anatembea alfajiri, anatembea usiku, akija kwetu anashuka vituo viwili kabla. Mkononi anavaa saa inayomhesabia hatua na kumpongeza. Kutembea kwake si ugomvi wangu. Ugomvi wangu ni kwamba watu waliogundua afya ukubwani hawawezi kuwa nayo peke yao. Lazima wapate shahidi, na shahidi wa karibu ni ndugu wa mke, hasa yule ambaye hela ya mabati aliyokopeshwa bado haijarudi yote.

Serengeti alishakwenda, akarudi amenuna. Anasema simba mmoja alilala chini ya mti magari yamemzunguka pande zote, madereva wanaitana kwa redio, na kila akiinua simu apige picha, kofia pana ya mgeni fulani inaingia katikati.

"Kule ni mjini, Shem," akasema. "Sisi tunataka pori lenyewe. Katavi. Hakuna foleni, hakuna mahoteli makubwa, mtandao wa kubahatisha, hakuna watu. Na hatupandi gari. Tunatembea kwa miguu na askari."

Nikakaa nikawaza. Mimi naishi ng'ambo ya Gongo la Mboto, ndani ndani, mahali ambapo bodaboda wa mjini akitajiwa anauliza mara mbili. Barabara yetu mvua ikinyesha inakuwa mto. Maji ya bomba tunayasikia tu. Umeme huja kutusalimia, haukai. Nyoka tunao. Kwa hali hiyohiyo tumewaita viongozi, tumewakalisha kwenye viti vyenye vitambaa, wameahidi, tumepiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyesimama akasema: ndugu zangu, huu ndio uasilia, tuutunze, wageni watakuja. Tena nina kiwanja huko mbele zaidi, nimekiacha na majani yake yote, na nimeshaonywa kwamba kiwanja kisichoendelezwa mtu anaweza kunyang'anywa. Kumbe kilichokosekana ni geti na kiingilio.

Basi tukaenda. Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni zaidi ya kilometa elfu moja. Mpaka Dodoma treni ya umeme inakupeleka vizuri, unaanza kuiamini nchi. Baada ya hapo ni basi: Manyoni, Itigi, Tabora, kisha Sikonge, Koga, Inyonga, na miyombo isiyoisha. Kila basi liliposimama kulikuwa na asali kwenye chupa za maji na madumu, maana kule ndiko nyuki wanakofanya kazi kwa bidii kuliko binadamu wengi ninaowajua. Nilinunua dumu. Shemeji hakununua, sukari hali. Alikuwa anasoma kwenye simu, kwa sauti, kwamba Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, ikaongezewa eneo mwaka 1998, na sasa ina kilometa za mraba 4,471. Basi zima likajua. Abiria mmoja mwenye kuku akamuuliza kama huko kote amepata shamba.

Kijiji cha Sitalike kiko mlangoni mwa hifadhi, safari ya chini ya saa moja kutoka Mpanda. Hapo ndipo tulipokabidhiwa kwa afande.

Afande alikuwa kijana mwembamba mwenye bunduki kubwa na soksi. Soksi moja, si ya mguuni. Aliishika mkononi, imejazwa majivu, fundo juu. Kila baada ya muda aliitikisa, vumbi la majivu likatoka, akaangalia linaelekea wapi. Upepo. Ukiwa kwa miguu, uhai wako wote uko kwenye upepo: ukikutoka usoni, mnyama hajui kama upo; ukikutoka mgongoni, ameshajua ulikula nini jana. Nilimuuliza kama hakuna kifaa cha kisasa zaidi cha kazi hiyo. Akasema hiki hakihitaji chaji.

Kisha akatusomea sheria. Tunatembea mstari mmoja, yeye mbele. Hakuna kuongea. Hakuna manukato. Akiinua ngumi, simama. Akisema rudi, rudi taratibu bila kugeuza mgongo. Na jambo lolote litakalotokea, narudia, lolote, usikimbie. Shemeji akaandika. Mimi nikatafakari lile la mwisho. Ukoo wetu umefika karne hii kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu mmoja aliyekimbia mapema. Leo nimesafiri siku na usiku, nimelipa kiingilio, nimelipa na ada ya askari, ili niambiwe niache kipaji pekee nilichorithi.

Halafu mavazi. Rangi kali zilikataliwa. Mimi ni mtu wa Simba, na jezi yangu nyekundu ikazuiwa mahali ambapo simba wenyewe ndio wenye nyumba. Iliyobaki ilikuwa fulana ya semina, ya bluu, ambayo mke wangu aliiweka kwenye begi kwa kuwa haina thamani ikichanika. Afande akaiangalia kwa huruma. "Mzee, hiyo ndiyo wanayoipenda," akasema, akanyoosha kidole kwenye mti. Pale palining'inia kitambaa cha bluu na cheusi. Nikadhani ni bendera ya mpaka. Ni mtego. Mbung'o, ambao watu wa magharibi wengi huwaita ndorobo, wakiona bluu na nyeusi hawawezi kujizuia, kwa hiyo mtego unashonwa kwa rangi hizo na kutiwa sumu. Tofauti kati yangu na ule mtego ilikuwa kwamba mimi sikuwa na sumu.

Nataka niseme kidogo kuhusu mbung'o, maana wanyama wengine wote watasifiwa na watu wenye kamera na huyu ataachwa. Mbu anakuja kwa aibu, usiku, anaimba kwanza. Mbung'o anakuja mchana kweupe na hana salamu. Anapitisha mdomo kwenye suruali ya jinzi. Ukimpiga kofi anaanguka, unamhurumia, anaamka, anaendelea. Mbu dume angalau anakula maua. Kwa mbung'o, mume na mke wote wanakunywa damu, ni ndoa ya ushirikiano. Na ukimfikiria vizuri, huyu ndiye askari wa kwanza wa hifadhi hii. Ng'ombe hawaishi anapoishi yeye, nagana inawamaliza. Watu nao aliwapa malale, na enzi za Mwingereza watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika walihamishwa kutoka makwao wakakusanywa kwenye makazi maalumu kwa ajili ya ugonjwa huo. Nyuma yao pori likabaki na wanyama. Leo mgeni anavuta pumzi, anasema ajabu, hapa hapajawahi kuishi mtu.

Tukaingia.

Kwa muda mrefu hatukuona mnyama. Tuliona mavi. Niseme wazi, maana kwenye vipeperushi hawasemi: kutembea porini kwa kiasi kikubwa ni elimu ya mavi. Afande aliyapenda. Alisimama penye fungu la tembo, akachuchumaa, akaweka kiganja juu apime joto, akalivunja, akatuonyesha majani mazima na mbegu. Tembo mkubwa anaweza kula kilo 150 kwa siku na tumbo lake halisagi hata nusu ya hicho. Nikamfikiria mwenye nyumba wa aina hiyo, anayeingiza magunia stoo na kutoa magunia nje ya mlango wa nyuma. Kinyesi cheupe ni cha fisi, kwa sababu anatafuna mifupa, na chokaa ya mifupa haiendi popote. Unyayo wa tembo wa mbele ukiuzungushia kamba, mara mbili ya urefu wa ile kamba ndio kimo chake begani. Shemeji alikuwa na kamba. Bila shaka alikuwa na kamba. Akapima, akakokotoa, akapata tembo aliyenizidi kimo kwa mbali, aliyepita hapo, kwa kauli ya afande, asubuhi ya leo.

"Leo hii hii?" nikauliza. Hakuna kuongea, nikakumbushwa.

Wanyama walipoanza kuonekana, nikagundua hila nyingine. Ukiwa ndani ya gari mnyama hakujali. Anaona kitu kikubwa kinachonguruma na kunuka dizeli, hakijawahi kumla, anaendelea na shughuli zake. Ukishuka ukasimama kwa miguu miwili anakutambua mara moja: huyu namjua, mababu walinisimulia. Swala pala wakapiga chafya za hofu wakatoweka. Pofu, ambaye ana mwili wa ng'ombe wa maziwa, akaruka utadhani ana mkopo. Ngiri na familia yake wakainua mikia wakaondoka kwa mstari ulionyooka kuliko wetu. Twiga peke yao walibaki, wakatuangalia kutoka juu kwa muda mrefu, kimya, wakitafuna. Kwa hiyo mwenye gari anaona uso wa mnyama, na sisi tuliolipa ada ya ziada tukaona migongo na mikia.

Shemeji akaninong'oneza kwamba utalii huu wa miguu anayesifiwa kuuanzisha ni Mwingereza mmoja, Norman Carr, kule bonde la Luangwa, Zambia. Nikamnong'oneza kwamba njia ya misafara kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo ilipita Tabora tuliyoipita juzi, na wapagazi waliitembea yote wakiwa na meno ya tembo begani, bila kofia wala chupa ya maji yenye mrija. Kiingilio pia walilipa, machifu wa njiani waliwatoza hongo. Hakuna aliyewaita watalii. Afande akageuka. Tukanyamaza.

Haja nayo haina adabu, ikaja hapohapo. Nikamweleza afande kwa ishara. Akasimamisha msafara, akatangulia peke yake hadi kwenye kichaka, akakizunguka, akachungulia chini, akatikisa soksi, akarudi akasema, "Tayari, mzee." Nikaenda. Yeye akasimama amenipa mgongo, bunduki mkononi, akilinda. Nimewahi kufanya kazi kwenye ofisi zenye mabosi wakubwa kabisa na sijaona hata mmoja aliyekwenda haja kwa heshima ya namna hiyo. Ila ulinzi wa aina hiyo unafanya jambo lenyewe ligome.

Sasa nifike kwa nyati. Tulikuwa tunakatiza majani marefu makavu afande alipoinua ngumi. Mimi sikuona kitu. Baadaye kidogo jiwe moja likapiga sikio. Halafu jiwe la pili. Walikuwa nyati madume wazee, wamelala, hawana kundi. Hao ndio wabaya. Kundi kubwa la nyati lina macho mengi, likishtuka kwa kawaida linakimbia; mzee aliyejitenga hana wa kumwonya, hana mbio za zamani, na akishtukizwa karibu mara nyingi anaona njia iliyobaki ni kukuendea wewe. Soksi ikatikiswa. Majivu yakaja usoni kwetu, vizuri. Afande akaonyesha kwa kidole: tunarudi, polepole, tunawazunguka. Nikaanza kurudi. Nilichagua mti. Miti ya miyombo ina tabia mbaya ya kuanza matawi mahali ambapo mtu wa umri wangu amekwisha kukata tamaa.

Hapo ndipo saa ya shemeji ilipoimba.

Haikuimba kwa nguvu. Kwenye daladala usingeisikia. Lakini porini, mbele ya nyati, ule mlio wa furaha ulisikika mpaka nikadhani unatoka mbinguni. Alikuwa amefikisha hatua elfu kumi, na saa ikaona haifai kungoja. Nyati wa karibu akainuka. Anainuka kwa awamu, na kila awamu unaona alikuwa bado. Akanyoosha pua. Akatuangalia kwa yale macho ya mtu unayemdai—hapana, ya mtu anayekudai. Afande hakuinua bunduki, aliishusha tu kutoka begani ikakaa mikononi, akasema kwa sauti ndogo mno, "Kaka, zima hiyo."

"Haizimiki," shemeji akanong'ona. "Mpaka ukubali pongezi."

"Kubali."

Akakubali. Tukarudi hatua kwa hatua, macho kwa nyati, visigino vikitafuta njia. Mbung'o watatu walikuwa shingoni mwangu na sikuwagusa. Wale siku hiyo walikula kwa utulivu ambao hawataupata tena. Nyati akapuliza pua, akageuka, wote wakaondoka kwa kishindo upande wa pili. Afande akangoja, akaweka bunduki begani, akasema, "Wazee wale huwa hapa hapa kila siku." Sikumuuliza kwa nini basi tulipita hapa hapa.

Mto Katuma nitausifia, ingawa sikukusudia kusifia kitu. Mwisho wa kiangazi maji yanakauka, nyanda za Katisunga na Chada zinabaki vumbi, na viboko wa eneo zima wanasongamana kwenye vidimbwi vilivyobaki. Mamia. Wanalala wameegemeana kwenye tope, mgongo juu ya mgongo, wananguruma, wanasukumana, madume yanachanana kwa meno. Mamba nao wanajichimbia kwenye mapango ya kingo za mto kusubiri mvua. Harufu sitaieleza. Tulisimama juu ya ukingo, mbali, na afande akatupanga mahali ambapo hakuna njia ya kiboko inayopita, kwa sababu kiboko akiona umesimama kati yake na maji anahesabu umemfungia mlango, na licha ya tumbo lile anaweza kukimbia kilometa 30 kwa saa. Nilikaa pale nikiangalia nikasahau miguu. Hakukuwa na gari hata moja. Shemeji akataka kusema kitu, nikamwinulia ngumi.

Jioni, tukirudi, afande akatusimulia habari za Katabi, mwindaji wa zamani ambaye hifadhi inaitwa kwa jina lake. Watu wa huko husema roho yake inakaa kwenye mkwaju mmoja karibu na ziwa Katavi, na wapo wanaopeleka sadaka chini ya mti huo kumwomba baraka kabla ya kuwinda. Shemeji akasema ni habari nzuri sana ya kiroho. Mimi nilielewa tofauti: mtu alitembea pori hili maisha yake yote, na alipopewa nafasi ya kuchagua pa kukaa milele, akachagua kivuli.

Sitalike tukafika vumbi tupu, tukaketi kwa mama mmoja anayeuza chai na vitumbua karibu na mto. Na hapo, bwana, nikaona. Karibu na daraja la kijiji, viboko wamejaa. Wale wale. Unawaona kutoka kwenye kiti cha plastiki, soda mkononi, bila soksi, bila askari, bila kulipa. Nilimwangalia shemeji. Akasema si sawa, wale wa kule ni wa porini.

"Hao?" mama akasema, akimimina chai. "Hao wanalala hapo mchana, usiku wanapanda kunilia mahindi. Mwaka huu nimevuna nini? Usiku ukitoka nje unampisha kwanza apite."

Akatuangalia viatu. Akatuuliza kama gari limeharibikia porini.

"Hapana, mama. Tulikuwa tunatembea tu."

"Humo ndani? Na askari?"

"Na askari."

Akapunguza sauti. "Poleni, baba zangu. Mliingiza ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe, mama. Sisi tumetoka Dar."

"Kuni?"

"Hapana."

"Sasa aliwakamatia nini?"

Shemeji akamweleza, kwa upole mkubwa, kwamba hatukukamatwa. Tulilipa. Akafungua mkoba akamwonyesha risiti. Tulilipa ili yule afande atutembeze kwa miguu kwenye jua, tuone nyati, tupite karibu na viboko, na ikiwezekana mwakani tutarudi kwa siku nyingi zaidi, tulale humo humo kwenye hema.

Mama akaweka birika chini. Akaitazama risiti mbele na nyuma, akairudisha. Kisha akageukia nyumbani akaita watoto kwa lugha ya kwao. Wakatoka, wakubwa kwa wadogo, wakasimama mlangoni wakituangalia, wakinyoosheana vidole. Yule mdogo kabisa akataka kutusogelea. Mama akamwahi, akamshika mkono.